Ruta Mpya, Vishikwambi vya Zamani: Pima Kabla ya Kutupa

Kituo cha umma kinapofungiwa ruta mpya, malalamiko ya wiki ya kwanza mara nyingi huwa yale yale. Simu za wafanyakazi zinafungua kurasa papo hapo, lakini vishikwambi, au tableti kama wengi tunavyoviita, vinajikokota kuliko hapo awali. Katika zahanati, foleni inazidi kurefuka huku mhudumu akingoja rekodi ya mgonjwa ifunguke. Hatimaye mtu anatoa uamuzi: vishikwambi vimezeeka, vinunuliwe vingine.

Uamuzi huo mara nyingi ni wa haraka. Kishikwambi kilichofanya kazi vyema kwa ruta ya zamani hakikuzeeka siku ruta mpya ilipofungwa. Kilichobadilika ni ruta na mipangilio yake. Somo hili linawalenga wahudumu wa zahanati, walimu na wafanyakazi wa ofisi za wadi. Linaeleza hatua unazoweza kuchukua mwenyewe, na zile za kumwachia afisa wa TEHAMA.

Kwa nini kasi hupungua

Ruta nyingi za kisasa hurusha mawimbi katika masafa mawili: GHz 2.4 na GHz 5. Masafa ya GHz 5 yana kasi zaidi lakini hayafiki mbali, na ukuta wa mawe huyapunguza nguvu haraka. Yale ya GHz 2.4 hufika mbali, ila yana msongamano kwa sababu hutumiwa pia na ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata oveni za maikrowevu.

Vishikwambi vingi vya bei nafuu vya miaka kumi iliyopita vina antena moja na hupokea GHz 2.4 pekee. Hutumia kiwango cha Wi-Fi 4, kilichoidhinishwa mwaka wa 2009. Kwenye chaneli yenye upana wa MHz 20, kishikwambi cha aina hiyo hakipiti megabiti 72 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kwenye karatasi. Kasi halisi huwa karibu nusu yake. Vishikwambi 20 vikipakua kwa wakati mmoja, hugawana nusu hiyo, na kila kimoja hupata chini ya megabiti 2. Kulipia intaneti ya kasi kubwa zaidi hakutabadilisha hali hiyo.

Hatua ya kwanza: pima

Simama mita 2 au 3 kutoka kwa ruta, pasiwe na ukuta katikati. Zima Wi-Fi kwenye vifaa vingine vyote, kisha pima kasi kwa kishikwambi kimoja. Pima tena kwa simu mpya ukiwa mahali pale pale. Mwishowe, nenda chumba ambamo vishikwambi hutumika kila siku, upime tena. Andika matokeo yote, tarehe na saa.

Matokeo yatakuelekeza:

- Ikiwa simu na kishikwambi vyote viko polepole hata karibu na ruta, huenda tatizo ni intaneti inayoingia kituoni. Wasiliana na kampuni inayowauzia huduma.
- Ikiwa kishikwambi kina kasi nzuri karibu na ruta lakini si chumbani, angalia mahali ruta ilipowekwa.
- Ikiwa kishikwambi kimoja tu ndicho kinachosumbua na vingine vya aina hiyo ni sawa, shughulikia hicho kimoja.
- Ikiwa simu ina kasi ya kutosha lakini vishikwambi vyote viko polepole hata karibu na ruta, mipangilio ya ruta ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Hatua ya pili: kishikwambi chenyewe

Kizime kabisa, ukiwashe tena. Futa mtandao huo kwenye orodha ya Wi-Fi, kisha ujiunge upya kwa nenosiri. Angalia nafasi ya hifadhi; kifaa kilichojaa picha na video huwa kizito hata mtandao ukiwa mzuri. Simamisha programu zinazojisasisha chinichini wakati wa kazi.

Usisahau tarehe na saa. Kishikwambi kilichokaa kabatini hadi betri ikaisha kabisa kinaweza kupoteza tarehe, na tarehe ikiwa si sahihi, tovuti salama hukataa kufunguka. Mtumiaji hudhani mtandao ni mbovu.

Hatua ya tatu: mahali pa ruta

Chuma huzuia mawimbi. Ruta iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma, nyuma ya friji ya chanjo au upande wa pili wa ukuta wa mabati haiwezi kuhudumia jengo zima. Iweke juu, mahali wazi, karibu na vyumba vinavyotumia mtandao zaidi.

Hatua ya nne: mipangilio ya ruta

Hatua hii ni ya afisa wa TEHAMA. Abadilishe jambo moja kwa wakati, kisha apime tena.

Kwanza, atenganishe majina. Ruta nyingi mpya hutumia jina moja kwa masafa yote mawili, na baadhi ya vifaa vya zamani hutatizika kwa mpangilio huo. GHz 2.4 ipewe jina lake na iachiwe vishikwambi. Simu na kompyuta zihamie GHz 5.

Pili, kwenye GHz 2.4 achague chaneli 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo, na upana uwe MHz 20. Upana mkubwa huonekana mzuri kwenye karatasi, lakini penye majirani wengi huleta mwingiliano.

Tatu, aangalie usalama. Mfumo wa WPA3 ulitangazwa mwaka wa 2018, na vishikwambi vingi vya kabla ya hapo haviujui. Mtandao wa vishikwambi hivyo utumie WPA2 pamoja na AES. TKIP iepukwe, kwani hurudisha kasi hadi megabiti 54 au chini ya hapo.

Nenosiri lisiondolewe kamwe ili kurahisisha mambo. Rekodi za wagonjwa ni taarifa nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakitaka kituo kuzilinda.

Baada ya vipimo

Ikiwa kasi bado haitoshi baada ya hatua hizi zote, sasa una ushahidi. Kifaa cha umma hakitupwi wala kugawiwa mtu kwa sababu kimemchosha mtumiaji; Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka wa 2015 imeweka kamati ya kuamua. Karatasi ya vipimo vyako itasaidia kueleza ni kifaa kipi kimeshindwa, wapi na kwa kiasi gani.

Kumbuka pia kwamba kishikwambi kinachoshindwa na video kinaweza bado kujaza fomu au kufungua masomo yaliyopakuliwa mapema. Kabla ya kuomba vipya, wasilisha vipimo kwa afisa wa TEHAMA wa idara yako.