Tunza WAV, piga kwa MIDI: studio ya chumbani hapa Mwanga

Vijana wanaonifuata hapa Mwanga, Kigoma, wakitaka kuanzisha studio huuliza kwanza bei ya kinanda. Mimi huwauliza kazi yao itasafiri vipi. Muziki unaoanzia Kigoma mara nyingi haumalizikii Kigoma: mdundo unapigwa huku, sauti zinaingizwa huku, lakini mtu wa kumiksi yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kwa reli. Faili likiharibika kabla ya kumfikia, kinanda cha bei mbaya hakitakuokoa.

Basi tuanze na faili. WAV ililetwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, na mpaka leo ndiyo ninayorekodia, kwa sababu haitupi chochote kilichoingia kwenye maiki. Gharama yake ni nafasi. Kwa kiwango cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, stereo hula takriban MB 10 kwa dakika. Mimi narekodi kwa sampuli 48,000 na biti 24: maiki moja ni karibu MB 9 kwa dakika, stereo ni MB 17. Biti 24 zina faida hasa ukirekodi kwaya. Unaweza kuweka kipimo cha sauti inayoingia chini, ubeti wa kwanza ukaimbwa kwa upole, kisha wote wakapaza sauti kwenye kiitikio bila kupasua. Ukishusha kipimo hivyo kwa biti 16, mwishoni unapopandisha sauti unapandisha na mvumo.

Wewe na mwenzako wa Dar chagueni kiwango kimoja cha sampuli kabla hamjaanza. Faili la 48,000 likichezwa kama vile ni la 44,100, wimbo unapungua mwendo na unashuka kama nusu toni moja na nusu. Mwimbaji atasikika kama ana mafua na kila mtu ataanza kulaumu maiki.

MP3 nayo ina kazi yake. Watafiti wa Fraunhofer huko Ujerumani waliijenga ili ipunguze uzito kwa kutupa yale ambayo sikio halitayakosa sana; kiambishi cha .mp3 kilichaguliwa Julai 1995. Kwa 320 kbps dakika moja ni kama MB 2.4, kwa 128 ni MB 1 hivi. Wanaoingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi sokoni wanataka hiyo, na spika ya bajaji haitakudai zaidi. Ila usimtumie fundi wa kumiksi traki za MP3. Kilichotupwa hakirudi hata ukiigeuza kuwa WAV. Faili linanenepa tu. Tena MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni, kwa hiyo ngoma na gitaa zilizokuwa zimeshikana zinaweza kuachana kidogo zikifunguliwa upya.

Bando likiwa dogo, tumia FLAC. Ipo tangu 2001, ni ya bure, inapunguza faili la WAV hadi karibu nusu, na likifunguliwa kila sampuli inarudi kama ilivyokuwa. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti. Kushika kitufe cha maiki na kuelekezea simu kwenye spika, kama wengi wanavyofanya, kunampa mwenzako Opus iliyobanwa kwa ajili ya maongezi. Inafaa kumwonjesha melodi, basi.

Ukimpa msafiri flashi, kumbuka kwamba flashi nyingi zimeandaliwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa tamasha refu, iandae upya kwa exFAT kwanza, ikiwa tupu.

Sasa kinanda. Kile kidogo cha funguo 25 unachochomeka kwa USB hakina sauti ndani yake. Kinatuma MIDI, lugha ya ala iliyokubaliwa mwaka 1983: ufunguo gani umebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127, umeachiwa lini. Ni sawa na karatasi ya nota ya mwalimu wa kwaya: haiimbi, inasema nini kiimbwe. Sauti inatoka kwenye programu, FL Studio kwa wengi wetu. Ndiyo maana kinanda ghali hakiboreshi sauti ya piano. Kinaboresha vidole vyako.

Faida kubwa ya MIDI nimeiona kwa kwaya. Wakishamaliza kurekodi ala, soprano wanasema wimbo uko juu. Kwa MIDI ninashusha nota zote toni moja na hakuna kilichochakaa. Kwa WAV ningelazimika kuivuta sauti, na gitaa linaanza kulia kama bati.

Pedi za kupigia ngoma ni hadithi nyingine, na hapa nina ubishi na maprodyuza wengi. Wanapiga ngoma kwa mkono halafu wanaagiza programu inyooshe kila pigo likae mstarini. Ngoma za Kiha hazikai mstarini. Pigo la pili linachelewa kidogo, na wachezaji wanakanyaga kwenye ule uchelewaji. Mimi nanyoosha nusu tu, na ngoma kubwa naiacha ilivyopigwa. Asiyeamini apeleke matoleo mawili kwenye sherehe moja pale Ujiji atazame miguu.

Ukibonyeza na sauti ikachelewa, kosa si la kinanda. Fungua mipangilio ya sauti, chagua draiva ya ASIO, kisha punguza bafa: kwa kiwango cha 44,100, sampuli 1,024 ni takriban milisekunde 23, sampuli 128 ni 3 hivi. Kompyuta ikianza kukwaruza, panda hadi 256. Wakati wa kumiksi rudisha juu. Hedifoni za bluetooth weka mbali kabisa, zinachelewa hata ufanye nini.

Kabla ya kununua, kakiangalie kinanda cha kanisani. Yamaha PSR nyingi zina tundu limeandikwa USB TO HOST nyuma; waya wa printa unatosha, na unapata funguo 61. Za zamani zina matundu ya duara ya MIDI, hizo zinahitaji waya wa kugeuza kwenda USB. Programu ya bure ipo: LMMS inapokea kinanda vizuri, ila hairekodi maiki, kwa hiyo sauti rekodi kwenye Audacity. FL Studio ya majaribio inahifadhi kazi lakini haiifungui tena. Usiahidi mteja nayo.

Ukimaliza, linganisha na wimbo ambao mji wote unaujua. Mimi natumia Leka Dutigite ya Kigoma All Stars ya mwaka 2012, kwenye spika zilezile na kwa sauti ileile.

Mwenye pesa ya kitu kimoja anunue diski ya nje ya kutunzia faili, kinanda aazime. Na aliyekwama kuunganisha, awe Gungu, Kibirizi au Ujiji, aniandikie aina ya kinanda, aina ya kompyuta na programu anayotumia. Bila hayo matatu siwezi kumsaidia.