Istilahi Mbele ya Fundi: Mafunzo kutoka Meza ya Ufundi wa Sauti Mtaani Kabiria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi istilahi za elektroniki za Kiswahili zinavyofanya kazi zinapotolewa kamusini na kuwekwa mezani mwa fundi. Mfano uliotumiwa ni kazi ya kurekebisha amplifaya ndogo ya hedifoni. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya ufundi haijathibitika mpaka mtu aifuate na kutenda lililokusudiwa, bila kuunguza kitu.

1.0 Utangulizi

Suala la uundaji wa istilahi si geni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Tunasoma utohozi, tafsiri mkopo, unyambuaji na uambatanishaji, tukahitimu tukiwa na uwezo wa kuainisha neno lolote tulilopewa. Aghalabu, hata hivyo, mifano yetu hutoka kitabuni na kurudi kitabuni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Swali ambalo hatujalijibu ni hili: je, mwanagenzi wa ufundi anaweza kupewa karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili akafanya kazi yake barabara?

Ili kulijibu, mwandishi aliandaa mwongozo mfupi wa kurekebisha amplifaya ya hedifoni inayobebwa mfukoni. Aliupeleka kwa fundi wa redio mwenye kibanda mtaani Kabiria, upande wa Dagoretti, magharibi mwa jiji la Nairobi. Fundi huyo alimkabidhi mwanagenzi wake karatasi ile na kumwambia, "Fanya yaliyoandikwa, usiongeze lako." Sharti hilo ndilo lililofanya jaribio liwe na maana.

2.0 Kifaa na Marekebisho Yake

Msomaji asiye na mazoea ya elektroniki anahitaji maelezo machache kabla ya kuingia katika uchambuzi. Amplifaya ya hedifoni huipokea sauti hafifu kutoka kwenye simu au redio, ikaiongezea nguvu kabla haijafika masikioni. Mchoro mmoja uliopata umaarufu duniani ulibuniwa na Chu Moy wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Unatumia betri moja ya volti 9 na vipuri vichache vinavyoenea katika kibati cha peremende. Kifaa kilichotumiwa katika jaribio hili kilijengwa kwa kufuata mchoro huo.

Marekebisho yaliyokusudiwa yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa kupunguza kiwango cha kukuza sauti. Kiwango hicho huamuliwa na resista mbili: ile kubwa hugawanywa kwa ile ndogo, kisha jibu likaongezwa moja. Resista ya omu 10,000 ikiambatana na ya omu 1,000, sauti hukuzwa mara 11. Kwa hedifoni nyepesi ya omu 32 hicho ni kiwango kikubwa mno: kitufe cha volyumu kikiguswa kidogo tu sauti hupasua masikio, na mvumo wa chinichini husikika. Resista ya omu 1,000 ikibadilishwa kwa ya omu 3,300, kiwango hushuka hadi takriban mara 4.

La pili lilikuwa kubadilisha kapasita mbili za umeme wa betri, kutoka mikrofaradi 220 hadi 470, ili akiba ya umeme iongezeke pale ngoma na besi zinapodai nguvu kwa ghafla. Kapasita za aina hii zina upande chanya na upande hasi. Zikigeuzwa hupata joto, huvimba na huweza kupasuka. La tatu lilikuwa kubadilisha aisii, yaani kile kipande cheusi chenye miguu minane kinachofanya kazi ya kukuza, na kuweka ya aina ya OPA2134. Aisii hiyo huanza kufanya kazi kwa jumla ya volti 5, hivyo haisumbuki betri inapoanza kuchoka.

3.0 Vigezo vya Uchambuzi

Wataalamu wameweka vigezo vingi vya kupimia istilahi. K. B. Kiingi alipendekeza mwaka 1989 vigezo vinavyojulikana kwa jina la PEGITOSCA. Miongoni mwavyo tumechagua vinne: usahihi, iktisadi, uzalishi na uangavu. Istilahi sahihi haina maana mbili katika uwanja mmoja. Yenye iktisadi ni fupi. Yenye uzalishi huzaa maneno mengine, na iliyo angavu hujieleza yenyewe kwa anayeisikia mara ya kwanza.

4.0 Uchambuzi wa Data

4.1 Kipaza sauti

Kichwa cha mwongozo kilisomeka: "Kurekebisha kipaza sauti cha masikioni." Mwanagenzi alitazama mezani, kisha akauliza maikrofoni iko wapi. Hakukosea. Neno kipaza sauti hutumiwa kwa maana ya maikrofoni na vilevile kwa maana ya spika. Sauti katika vyombo hivi husafiri kwa mlolongo: maikrofoni huipokea, amplifaya huikuza, spika huitoa. Neno moja linapotaja mwanzo wa mlolongo na mwisho wake, kisha likatakiwa litaje na katikati, limepoteza usahihi ingawa ni angavu. Tunapendekeza maikrofoni, amplifaya na spika zitumike katika maandishi ya ufundi. Anayetaka neno la asili ya Kibantu kwa amplifaya anaweza kutumia kikuza sauti, ilmradi alitumie kwa maana hiyo pekee.

4.2 Kikinza na resista

Mwongozo ulitumia neno kikinza. Mwanagenzi hakulijua, lakini fundi alipomweleza kwamba ni kitu "kinachoukinza umeme usipite ovyo," alilikamata papo hapo na kuichukua resista. Hapa kamusi ina nguvu. Kutokana na kitenzi -kinza tunapata kikinza, ukinzani na mkinzano. Neno resista halizai chochote. Hata hivyo, katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Luthuli jijini mnunuzi ataomba resista. Maneno haya mawili hayana haja ya kupigana: resista ni jina la kipuri kinachonunuliwa, ukinzani ni jina la sifa inayopimwa kwa omu. Mwongozo uliosahihishwa unayatumia yote mawili, kila moja mahali pake.

4.3 Lehemu na solda

Vibandani wengi husema solda. Kiswahili kina neno lehemu, lenye asili ya Kiarabu, ambalo ni nomino na kitenzi pia. Lilitumika kuungia vyuma kwa madini yaliyoyeyushwa kabla redio haijafika pwani yetu. Fundi wa Kabiria alilitambua. Alisema alilisikia kwa mzee mmoja wa Mombasa aliyemfundisha kuziba sufuria. Basi istilahi hii haikuhitaji kuundwa, ilihitaji kukumbukwa. Ni kosa letu wanafunzi kudhani kwamba kila kifaa kipya kinadai neno jipya.

4.4 Shoti na hitilafu ya umeme

Mwongozo ulionya: "Epuka hitilafu ya umeme." Mwanagenzi aliuliza, "Hitilafu gani?" Swali lake lilikuwa la kitaalamu. Hitilafu ni kasoro yoyote: waya uliokatika, betri iliyokwisha au kipuri kilichoungua. Kilichokusudiwa ni nyaya mbili zisizotakiwa kugusana kugusana, na jambo hilo lina jina linalojulikana kote nchini: kupiga shoti. Katika mfano huu neno la mtaani ndilo sahihi zaidi, na lile la magazetini ndilo legevu. Anayelikataa kwa sababu ya asili yake ya Kiingereza na akumbuke kwamba waya, betri na redio zilipita mlango huohuo.

4.5 Chomeka

Tukio lililomfunza mwandishi zaidi ya yote lilitokea katika hatua ya mwisho. Aliandika: "Hakikisha hedifoni imechomeka vizuri kabla ya kuwasha." Mwanagenzi aliisoma mara mbili, akacheka, akamgeukia fundi: "Mzee, anataka tuiunguze kwanza?"

Kicheko kile kina sarufi ndani yake. Kitenzi chomeka kina maana ya kuingiza kitu mahali, kama mtu achomekavyo shati ndani ya suruali. Papo hapo, chomeka ni kauli ya kutendeka ya choma, yaani kupatwa na moto. Katika Kiswahili cha Nairobi maana hii ya pili ndiyo hutangulia akilini kitu kinapokuwa cha umeme: kifaa kilichochomeka ni kifaa kilichokufa. Msomaji mwingine, aliyezoea maana ya kwanza, angetii sentensi ile bila wasiwasi.

Kulikuwa na kosa jingine, nalo lilikuwa kubwa kuliko la neno. Mwongozo uliagiza hedifoni iingizwe kabla ya amplifaya kupimwa. Kama kuna kipuri kilichogeuzwa, umeme wa betri huweza kupita moja kwa moja hadi kwenye koili nyembamba za hedifoni na kuziunguza. Fundi ndiye aliyemzuia mwanagenzi. Alichukua mita, akapima kwanza, kisha akamwambia mwandishi kwa upole, "Mwalimu, hapa neno lako lingekuwa kweli kwa maana zote mbili."

5.0 Mwongozo Uliosahihishwa

Baada ya mjadala, hatua ziliandikwa upya kama ifuatavyo:

1. Ondoa betri. Usiingize hedifoni.

2. Ng'oa resista za omu 1,000, moja kwa kila sikio, na ulehemu za omu 3,300 mahali pake. Pima ukinzani wa kila moja kwa mita kabla ya kuilehemu.

3. Ng'oa kapasita mbili za mikrofaradi 220 na ulehemu za mikrofaradi 470. Mguu mrefu ni chanya. Mstari ubavuni huonyesha upande hasi. Fuata alama zilizo kwenye bodi.

4. Toa aisii ya zamani kwenye soketi na uweke OPA2134. Alama ya nukta au pengo iangalie upande uleule ilikoangalia ile ya kwanza.

5. Kagua kama kuna lehemu iliyovuka kutoka mguu mmoja hadi mwingine, maana hapo ndipo panapopiga shoti.

6. Rudisha betri na uwashe. Pima volti za umeme wa mwelekeo mmoja kwenye tundu la hedifoni, upande wa kila sikio. Mita ikisoma chini ya milivolti 20, endelea. Ikisoma zaidi, zima, ondoa betri na urudi hatua ya 3.

7. Zima, ingiza plagi ya hedifoni katika tundu lake, shusha volyumu hadi mwisho, kisha uwashe.

Mwanagenzi aliufuata mwongozo huu peke yake. Mita ilisoma milivolti chache tu, na muziki ukasikika bila mvumo.

6.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba hakuna upande mmoja uliokuwa na haki yote. Kamusi ilishinda kwa ukinzani na lehemu. Kibanda kilishinda kwa shoti. Na chomeka lilituonya kwamba hata neno sanifu kabisa linaweza kuwa hatari likiwekwa vibaya. Usahihi wa istilahi hauishii katika neno lenyewe, bali unategemea sentensi na mpangilio wa hatua pia.

Tunawapendekezea walimu wetu kwamba kila mwanafunzi wa somo la istilahi aandike mwongozo mmoja wa kazi halisi, iwe ya useremala, ushonaji au umeme, na kuukabidhi kwa mwanagenzi huku yeye mwenyewe amefunga mdomo. Maswali atakayoulizwa ndiyo yatakayokuwa tahakiki ya kazi yake.

Maswali ya kutafakari

1. Taja vitenzi vingine viwili vya Kiswahili ambavyo, kama chomeka, vinaweza kumpotosha fundi. Viandikie sentensi zisizo na utata.

2. Jadili iwapo kigezo cha usahihi kinapaswa kutangulia kile cha uangavu katika maandishi ya ufundi.