Ukitaka kuwa afisa uhusiano, anzia Tabora

Vijana wanaohitimu uhusiano wa umma SAUT Mwanza huniuliza namna ya kupata kazi Dar es Salaam. Mimi huwashauri waje kwanza huku magharibi. Dar unaweza kuandika taarifa kwa vyombo vya habari miaka na miaka usimjue hata mmoja wa wanaozisoma. Tabora, uliyemtangazia asubuhi kwamba maji yatarudi saa kumi, utakutana naye sokoni saa kumi na moja, ndoo yake tupu.

Kwa hiyo ukiajiriwa usikimbilie nembo wala ukurasa wa Instagram. Zunguka. Wafuate wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata, makatibu wa AMCOS za tumbaku kule Urambo na Sikonge, watangazaji wa redio za mjini, imamu, paroko, wazee wa vijiwe vya bodaboda. Amkia "mwangaluka" hata kama Kinyamwezi kinakushinda. Watakutania, na huku utani ni mlango. Chukua namba zao, kisha wapigie siku ambayo huna shida nao.

Lakini kufahamika hakutoshi, na hapo humkumbuka Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Shuleni tulifundishwa vita vyake tu. Mwaka 1871 aliziba njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, akawapiga Waarabu wa Unyanyembe, mpelelezi Stanley akiwa upande wao. Mwaka 1876 akachanjiana damu na Stanley huyohuyo, naye akaandika kumsifu kuwa muungwana. Akampokea Urambo mmisionari daktari, Southon, akaandikiana barua na John Kirk, konseli wa Uingereza aliyekuwa Unguja. Nani leo angejijengea jina hivyo bila simu? Kisha, mwaka 1880, jeshi lake la ruga-ruga likavamia eneo la Pimbwe, na Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, wakauawa humo. Mirambo alijieleza, lakini urafiki ule na Kirk haukusimama tena.

Ruga-ruga wako wewe ni fundi anayechimba barabara akaacha shimo wazi, karani wa dirishani, mlinzi wa getini anayewafokea bibi zetu. Wanaweza kubomoa kwa asubuhi moja ulichojenga kwa mwaka. Ndiyo maana ninasisitiza: dai kiti kwenye vikao vya wahandisi na wahasibu, si cha kupiga picha, cha kuuliza. Bomba litafungwa lini? Nani ameambiwa? Mkulima aliyepeleka tumbaku sokoni akiuliza malipo, karani atamjibu nini? Mabosi wengine hawapendi maswali haya, hudhani kazi yako ni kushika kipaza sauti na kuagiza keki. Vumilia, uliza tena.

Siku mambo yakiharibika, toka mapema hata kama unajua nusu. Sema kilichotokea, unachofanya, na saa utakayorudi na taarifa nyingine. Saa hiyo ikifika rudi, hata kama huna jipya. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa hadi siku 30 kumjibu mwombaji. Uvumi wa WhatsApp unalala Kaliua usiku uleule.

Kuhusu bahasha za waandishi, nauli ya kweli kwa safari ya kweli, iliyosainiwa, sina ugomvi nayo. Zaidi ya hapo unanunua ukimya, na ukimya hupanda bei.

Ukitaka kupanda cheo, weka daftari la malalamiko: liliingia lini, alilipokea nani, lilijibiwa lini, liliishaje. Nikikaa kwenye jopo la usaili, waombaji hunimwagia mezani vipande vya magazeti walimotokea. Huvipitia haraka, halafu naomba daftari.