Kazi ya Kurudiarudia Iachie Kompyuta

Karani wa shule anayepokea alama kutoka kwa walimu kumi na wawili hufanya jambo lilelile mara kumi na mbili: anafuta mistari mitupu ya juu, anakoleza vichwa vya safu, anapanua safu ya majina, anahifadhi, kisha anafungua faili linalofuata. Mhasibu wa SACCOS anamwandikia kila mwanachama aliyelipa sentensi ileile ya shukrani. Katibu muhtasi anaandika upya tarehe na anwani ya ofisi katika kila barua. Kazi za namna hii hazitaki fikra, zinataka vidole tu. Vidole vikichoka, alama za mtoto mmoja huhamia kwa mwenzake.

Dawa yake ni makro, yaani mfululizo wa hatua ambazo kompyuta inazihifadhi na kuzirudia kwa mpangilio uleule kila unapoiagiza. Wengi huamini kwamba hiyo ni kazi ya mafundi, au kwamba lazima programu yake inunuliwe. Sivyo. Zipo programu huria nzuri, za bure na za halali, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhangaika na nakala za wizi ambazo mara nyingi huja na virusi.

Kwa kazi za majedwali na barua, ningemshauri mtu yeyote aanze na LibreOffice. Programu hii ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwahi kuitafsiri kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac.

Kinasa makro kimo ndani yake, ila kimefichwa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hakipo. Fungua menyu ya Tools, ingia Options, na chini ya neno LibreOffice chagua Advanced. Weka alama ya vema penye Enable macro recording. Tangu hapo, ukirudi Tools na kufungua Macros, utaona Record Macro. Ibofye, fanya kazi yako taratibu kama unavyoifanya siku zote, kisha bofya Stop Recording. Ipe makro jina lisilo na nafasi katikati, mfano SafishaAlama, na uihifadhi chini ya My Macros ili iweze kutumika katika kila faili. Mwisho, nenda Tools, Customize, Keyboard, uipe vitufe vyake. Yule karani sasa anafungua faili, anabonyeza vitufe viwili na kazi imekwisha.

Kuna jambo moja linalowasumbua sana wanaoanza. Ukibofya kisanduku kwa kipanya wakati wa kunasa, kompyuta inashika anwani yake hasa, tuseme B5, na kila siku itarudi B5 hata kama data ya leo imeanzia B9. Ukisogea kwa vitufe vya mishale, inashika mwendo: chini mara moja, kulia mara mbili. Basi amua mapema unataka njia ipi. Jua pia kwamba kinasa hiki hakishiki kila kitu, hasa baadhi ya mambo unayoyachagua ndani ya visanduku vya mazungumzo. Ijaribu makro mpya kwenye nakala ya faili, kamwe si kwenye faili halisi la matokeo au la mishahara.

Makro ya LibreOffice inaishia ndani ya LibreOffice. Ukitaka msaada unaokufuata kwenye barua pepe, kivinjari na programu nyingine zote za Windows, pakua AutoHotkey kutoka tovuti yake yenyewe, autohotkey.com, kisha uisakinishe. Ni ya bure, imekuwapo tangu mwaka 2003, na maagizo yake unayaandika kwenye Notepad ya kawaida. Huu hapa mfano mzima:

#Requires AutoHotkey v2.0
::xas::Asante kwa malipo yako. Risiti utaipata leo.
^!t::Send FormatTime(, "dd/MM/yyyy")
^!q::ExitApp

Hifadhi faili hilo kwa jina linaloishia na .ahk, si .txt, kisha libofye mara mbili. Alama ya kijani yenye herufi H itatokea pembeni mwa saa, chini ya skrini. Sasa andika xas ukafuatisha nafasi: sentensi yote ya shukrani inajiandika. Ukishika Ctrl na Alt pamoja na T, inaandikwa tarehe ya leo, kwa sababu alama ^ ni Ctrl na ! ni Alt. Mstari wa mwisho ni breki: Ctrl, Alt na Q vinazima kila kitu. Usiache kuuweka, maana makro iliyokosewa inaweza kuandika bila kukoma mbele ya macho yako.

Kifupisho chagua kisicho neno. Ukichagua "asante" kwa sababu ni rahisi kukumbuka, siku utakapomshukuru mtu kwa jambo jingine sentensi ya malipo itakurukia katikati ya aya. Mstari wa kwanza nao una kazi yake: unataja kwamba maagizo haya ni ya toleo la 2 la AutoHotkey. Toleo la 2 lilitoka Desemba 2022 na sarufi yake ni tofauti na ya toleo la 1, hivyo mifano mingi ya zamani iliyomo mtandaoni itakataa kufanya kazi. Ukikutana na makosa yasiyoeleweka, anza kwa kuangalia mfano wako ni wa toleo lipi.

Jizuie kunasa mibofyo ya kipanya kwa mahali pake kwenye skrini. Dirisha likisogea kidogo tu, makro itabofya pengine, na hapo panaweza kuwa na kitufe cha kufuta. Vitufe vya kibodi ni salama zaidi. Nenosiri usiliandike ndani ya faili la makro hata siku moja: ni maandishi matupu, na yeyote anayekaa kwenye kiti chako anaweza kuyasoma. Kama kompyuta ni ya ofisi, omba kwanza ruhusa kwa wahusika wa TEHAMA.

Hatari kubwa kuliko zote ni makro za watu wengine. Mwezi Machi 1999 virusi vya Melissa vilienea vikiwa makro ndani ya faili la Word, vikijituma kwa anwani 50 za kwanza katika orodha ya barua pepe ya kila aliyelifungua. Mbinu hiyo haijafa. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia yenyewe makro zilizomo katika mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. LibreOffice nayo huweka ulinzi wake kwenye kiwango cha juu tangu unapoisakinisha. Usiushushe. Ankara au tangazo la kazi likikuomba uruhusu makro ndipo ulisome, lifunge, kisha mpigie simu aliyelituma umuulize kabla ya kugusa kitu kingine.