Potifolio ya Kielektroniki katika Somo la Toni

Potifolio ya kielektroniki ni mkusanyo wa kazi ambazo mwanafunzi amezihifadhi katika kompyuta au simu, pamoja na tarehe na maelezo yake kuhusu jinsi alivyozisahihisha. Nitaijadili kwa kazi niliyoifanya mwenyewe: kuandika toni za Kiluba cha Kasai, lugha ambayo Guthrie aliipa namba L31.

Katika unukuzi wa kwanza niliweka toni ya juu kila mahali ambapo Mame-Bantu ina toni ya juu. Sikusikiliza rekodi, nilinakili orodha ya mizizi. Kumbe Kiluba cha Kasai ni miongoni mwa lugha zilizogeuza toni: penye juu katika Mame-Bantu mara nyingi pana chini, na kinyume chake. Katika unukuzi wa pili nikageuza zote bila kubagua, kosa jingine. Wa tatu niliufanya kwa Praat, programu ya bure ya Boersma na Weenink, nikifuata mstari wa kidatu neno kwa neno.

Mtihani wa saa mbili ungeona orodha ya mwisho tu, na aliyeinakili kwa jirani angepata pointi zilezile. Katika potifolio mwalimu anaona hati zote tatu, rekodi, na aya fupi inayoeleza kwa nini ile ya pili ilikosea. Kwangu aya hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ningeipa pointi 10 kati ya 20.

Tusijidanganye, hata hivyo. Tarehe ya faili hubadilishwa kwa dakika moja. Kwa hiyo napendekeza mwanafunzi aitwe, achaguliwe ukurasa mmoja wowote, aueleze kwa mdomo. Tena rekodi ya WAV ya chaneli moja, hezi 44,100 na biti 16, hula takribani megabaiti 5 kwa dakika. Kwa intaneti ya kununua huo ni mzigo, flashi inatosha. Na mwenye simu tu asipunguziwe pointi kwa kukosa rangi na picha.

Linalonisumbua zaidi ni mtoa habari. Mama aliyenitamkia maneno yale alikubali nimrekodi kwa ajili ya somo langu. Hakukubali sauti yake izunguke darasa zima, akicheka na kutaja majina ya watoto wake. Sehemu hizo nilizikata kabla ya kuwasilisha. Kitivo kikitaka kupokea potifolio, kiseme kwanza nani atazitunza, na kwa muda gani.