Pampu na Maji Mazito: Funzo la Kiwanda cha Karatasi kwa Mkulima wa Mto Tana

Mto Tana ndio uhai wa Garissa. Mvua ya nchi hiyo ni haba, tena haina ahadi; lakini kandokando ya mto, kila mahali palipo na pampu, hustawi migomba, miembe, nyanya, vitunguu na matikiti maji. Hatua chache tu kutoka mpaka wa shamba, palipokoma maji ya mfereji, ardhi ni kavu na miti ni ya miiba.

Basi pampu ikisimama, shamba nalo husimama. Nyanya zilizochanua zikikosa maji siku chache katika jua la mwezi wa Februari, maua hupukutika, na gharama yote ya mbegu, mbolea na vibarua hupotea. Kwa hiyo inafaa kila mwenye pampu ajue inavyofanya kazi na sababu za kudhoofika kwake.

Mara nyingi maji yanapopungua katika mfereji, lawama hutupiwa injini. Mwendo huongezwa, mafuta huteketea, wala maji hayaongezeki. Kumbe ubovu haumo katika injini. Umo mlangoni pa pampu, yaani pale maji yanapoingia. Jambo hili walilitambua pia mafundi wa viwanda vya karatasi, ambao pampu zao husukuma kitu kizito kuliko matope ya Tana.

JINSI PAMPU INAVYOFANYA KAZI

Pampu nyingi za kandokando ya mto ni za gurudumu. Ndani ya ganda la chuma mna gurudumu lenye mapanga. Injini inapolizungusha, maji yaliyo katikati hurushwa pembeni kwa nguvu, kama matope yanavyorushwa na gurudumu la baiskeli. Ganda huyapokea maji hayo, huupunguza mwendo wake na kuugeuza kuwa msukumo, nao ndio unaoyapandisha katika bomba mpaka shambani. Pale katikati palipoachwa na maji ya kwanza, maji mengine huingia, na kazi huendelea bila kukoma.

Umbo la mapanga lina maana kubwa. Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, Mwingereza John Appold alionyesha pampu yenye mapanga yaliyopindwa. Ilipopimwa, sehemu 68 katika kila 100 za nguvu iliyotiwa zilionekana katika maji yaliyoinuliwa. Gurudumu lenye mapanga yaliyonyooka kutoka katikati lilitoa sehemu 24 tu. Injini haikubadilishwa, kilichobadilishwa ni njia ya maji. Tangu siku hizo mafundi wamejua kwamba kuielewa tabia ya maji kwaweza kuleta faida kuliko kuongeza nguvu.

HEWA NDIYO INAYOYASUKUMA MAJI

Watu husema kwamba pampu huyavuta maji kutoka mtoni. Kwa kweli maji hayavutwi kama kamba. Pampu hupunguza tu hewa ndani ya bomba, nayo hewa ya nje, ambayo ina uzito, huyakandamiza maji ya mto na kuyapandisha bombani. Uzito huo una kikomo chake. Usawa wa bahari, hewa yaweza kuinua maji kiasi cha mita 10 tu, hata kama pampu ingekuwa kamilifu. Katika kazi za kila siku, kwa sababu ya msuguano wa bomba, kona zake na joto la maji, ni afadhali pampu isiwekwe juu ya maji zaidi ya mita 6.

Hii ndiyo sababu pampu iliyofanya kazi vizuri mwezi wa Desemba huanza kusumbua mwezi wa Februari. Pampu ni ile ile na injini ni ile ile, ila mto umeshuka, na pampu imebaki juu ya ukingo. Maji yanapofika kwa shida, mapovu ya mvuke hutokea ndani ya gurudumu, kisha hupasuka kwa kishindo. Sauti yake ni kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya debe, na kila kishindo humega chembe ya chuma. Mwenye pampu akiongeza mwendo wakati huo, mapovu huzidi na gurudumu huliwa upesi zaidi.

Tena inafaa kukumbuka hesabu ya mwendo. Mwendo wa gurudumu ukiongezwa mara 2, nguvu inayodaiwa na pampu huwa mara 8. Hapo ndipo mafuta yanapokwenda.

FUNZO LA KIWANDA CHA KARATASI

Karatasi hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za miti. Nchini Kenya kazi hiyo ilifanywa na kiwanda cha Pan African Paper Mills, Webuye, karibu na Mto Nzoia, kilichoanza kutoa karatasi mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009. Katika kazi ya namna hiyo, mbao hukatwa vipande vidogo, hupikwa pamoja na dawa mpaka nyuzinyuzi zinaachana, kisha huoshwa. Kinachopatikana ni rojo, na rojo hilo lazima lisukumwe na pampu kutoka pipa hadi pipa.

Rojo likiwa na sehemu 1 ya nyuzinyuzi katika 100, hutiririka karibu kama maji. Lakini likifika sehemu 10 katika 100, nyuzinyuzi hushikana kama nyuzi za mkeka, hunasa hewa ndani yake, na rojo husimama kama uji ulioganda. Halitiririki kuingia ndani ya pampu, na gurudumu huzunguka bure katika hewa. Zamani viwanda vilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kutumia mitambo mizito iendayo polepole, yenye kulisukuma rojo kwa nguvu. Ya pili ni kuongeza maji mengi ili rojo liwe jepesi, kisha kuyaondoa tena mbele ya safari. Njia zote mbili ziligharimu fedha nyingi.

Mhandisi wa Finland, Johan Gullichsen, ni miongoni mwa waliolichunguza jambo hili kwa njia nyingine. Ilionekana kwamba rojo zito likikorogwa kwa nguvu na kwa haraka, nyuzinyuzi zake huachana kwa muda mfupi, na katika muda huo hutiririka kama maji. Basi ikatengenezwa pampu yenye kikorogeo mdomoni pake. Kikorogeo hicho hulivunja rojo papo hapo linapoingia. Hewa iliyonaswa hukusanyika katikati na kuondolewa. Na gurudumu la kawaida hufanya kazi yake. Kwa kazi hiyo Bwana Gullichsen alipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 1986.

Msomaji na atazame vizuri siri ya pampu hiyo. Shida ilikuwa mlangoni, na dawa yake ikawekwa mlangoni.

MATOPE YA TANA

Maji ya Tana si mazito kama rojo la karatasi, lakini wala si maji matupu. Mabwawa ya juu, yaani Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, hunasa matope mengi. Hata hivyo, chini ya mabwawa hayo mito kama Mutonga na Kathita huingia katika Tana ikiwa na udongo wa milimani, na mto wenyewe hula kingo zake.

Kila mkulima aweza kujipimia. Achote maji ya mto katika chupa nyeupe, aitikise, kisha aiweke mezani. Mchanga hutua chini kwa muda mfupi sana. Udongo laini hufuata baadaye. Ule ulio laini kabisa huweza kuelea kutwa nzima. Katika hizo, adui mkubwa wa gurudumu ni mchanga, na kwa bahati njema ndio ulio rahisi kuuzuia, kwa kuwa hutua upesi.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kila mita ya ujazo ya maji ina kilo 2 za udongo, na pampu hutoa mita za ujazo 40 kwa saa, basi kwa kazi ya saa 8 udongo unaopita ndani ya gurudumu ni kilo 640, yaani kama magunia 7 ya kilo 90. Hakuna chuma kisicholika kwa kusuguliwa namna hiyo siku baada ya siku. Gurudumu likipungua unene, na nafasi kati yake na ganda ikiongezeka, maji huzunguka mle mle ndani badala ya kwenda shambani.

Kwa hiyo hapana budi mlango wa pampu ulindwe. Kwanza, pampu isogezwe karibu na maji mto unaposhuka, na ipandishwe mapema mto unapoanza kujaa. Mafuriko ya miaka ya 1997, 2018, 2023 na 2024 yalionyesha wazi jinsi Tana inavyoweza kuvamia kingo zake. Pili, mdomo wa bomba usilazwe katika mchanga. Ufungwe kwenye pipa tupu linaloelea, ili uning'inie katikati ya maji. Tatu, ukingoni lichimbwe shimo la kutulizia maji. Maji ya mto yakiingia humo polepole, mchanga hutua kabla haujafika katika pampu. Shimo hilo halina budi kuzolewa mara kwa mara. Wanaofanya kazi ukingoni wasisahau kwamba mto huo una mamba.

Nne, bomba la kuingizia maji lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Bomba likipunguzwa upana kwa nusu, huku maji yakitakiwa kuwa yale yale, msuguano huongezeka mara 32 hivi. Bomba na lipande moja kwa moja kuelekea pampu, bila nundu ambamo hewa yaweza kujificha. Tundu dogo la sindano katika kiungo chake latosha kuingiza hewa na kuiua kazi yote.

Mahali penye majani na takataka nyingi, lifikiriwe gurudumu la wazi, lisilo na kifuniko juu ya mapanga yake. Hupoteza nguvu kidogo, lakini halizibwi upesi.

YALIYOTOKEA BURA

Si wakulima wadogo peke yao wanaoumizwa na pampu. Kusini ya Garissa, katika mradi wa Bura, wakulima wa kwanza waliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili walime pamba na mahindi. Maji yao yalitoka Nanigi kwa pampu za injini za dizeli. Mafuta yalikuwa ghali na vipuri vilichelewa. Pampu ziliposimama, mifereji ilikauka, na jamaa zilizohamia huko kwa matumaini makubwa zikapata hasara kubwa. Shamba linalotegemea pampu huishi kwa akiba ya vipuri, na akiba hiyo hutengwa wakati wa mavuno, kabla ya kuharibika kitu.

VISIMA VYA NDANI YA NCHI

Mbali na mto mambo hubadilika. Huko Wajir, visima vingi vya mkono havina kina kirefu, na maji huchotwa kwa ndoo. Bali huko Dadaab na Habaswein visima vya kuchimbwa kwa mtambo hupita mita 100. Hakuna pampu ya juu ya ardhi iwezayo kuyafikia maji hayo kwa kufyonza, kwa kuwa uzito wa hewa haufiki huko. Dawa ni ile ile: pampu hupelekwa kwenye maji. Huteremshwa kisimani pamoja na mota yake, ikiwa na magurudumu mengi yaliyopangwa moja juu ya jingine, nayo huyasukuma maji kwenda juu. Umeme wake hutoka katika jenereta ya dizeli au katika vioo vya jua.

Lakini injini ya petroli au ya dizeli isiteremshwe kamwe ndani ya kisima au shimo refu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua upesi. Aliyeshuka akianguka, anayemfuata bila vifaa huanguka naye.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kabla ya kuwasha injini, pampu na bomba lake la chini vijazwe maji. Pampu ikizunguka kavu, sili huungua.

2. Sauti ya kokoto ikisikika, mwendo usiongezwe. Ipunguzwe kazi, chujio likaguliwe, na kimo cha pampu juu ya maji kipimwe.

3. Kila juma viungo vya bomba vikazwe, na shimo la kutulizia lizolewe.

4. Kiandikwe katika daftari kiasi cha mafuta kinachotumika kumwagilia shamba moja. Kiasi hicho kikiongezeka bila sababu, gurudumu limeanza kuliwa, na ni wakati wa kulifungua.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kuondoa mchanga mdomoni pa bomba ni kazi ya asubuhi moja. Kununua pampu mpya katikati ya kiangazi, nyanya zikiwa shambani, ni deni la mwaka mzima. Mkulima anayekagua mdomo wa bomba lake leo ndiye atakayepeleka kitu sokoni Garissa wakati wengine wanamngojea fundi.