Saba mara nane, kwa lugha gani?

Semina ya takwimu, mwaka wa kwanza. Mwalimu kauliza kwa Kiingereza, saba mara nane? Mimi nikaropoka: "Hamsini na sita!" Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo nikawa nanyamaza, hata jibu nikiwa nalo.

Wenzangu, huo si ushamba. Mwaka 1992 Stanislas Dehaene, mwanasayansi wa Ufaransa, alieleza kwamba namba huwa na sura tatu kichwani. Kuna tarakimu tunayoiona: 56. Kuna maneno: hamsini na sita. Halafu kuna kiasi chenyewe, ile hisia kwamba 56 iko karibu na 60 na mbali na 10. Kwa hisia hiyo, kusema ipi kubwa kati ya 2 na 9 ni rahisi kuliko kati ya 8 na 9. Moyer na Landauer walipima muda wa kujibu mwaka 1967 wakaona hivyohivyo: namba zikikaribiana, tunachelewa.

Sasa, tebo hatukuzijifunza kwa hisia. Sisi wa shule za msingi za serikali tuliziimba kwa Kiswahili, na zimekaa kichwani kama maneno ya wimbo. Mwaka 2001 Spelke na Tsivkin walichapisha utafiti kuhusu wanachuo wanaojua Kirusi na Kiingereza. Waliwafundisha hesabu mpya kwa lugha moja, kisha wakawapima kwa zote mbili. Majibu kamili yalitoka vizuri zaidi kwa lugha waliyofundishiwa. Kwenye kukadiria, lugha haikuleta tofauti.

Basi fikiria chumba cha mtihani. Unasoma kwa Kiingereza, unazidisha kwa Kiswahili, unarudi kwenye Kiingereza. Kumbukumbu inayoshikilia hesabu ikiwa bado njiani ni finyu, na wasiwasi nao unakula nafasi humohumo. Unachelewa, halafu unajiita kilaza.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza kadiria: jibu liwe karibu na ngapi? Pili, zidisha kwa lugha uliyoimbia tebo, bila aibu. Tatu, andika tarakimu mapema, kwa sababu 56 ni 56 kwa lugha zote mbili.

Na mwenzako akiropoka "hamsini na sita" kwenye semina, usimcheke. Amepata.